Sukari ya supamaketi ni rahisi, mbona pesa haifiki mwisho wa mwezi?

BARUA

Wapendwa wa safu hii, habari za kazi.

Naishi Sakina, Arusha. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu na watoto wanne. Mimi nashona nguo, mume wangu ni dereva wa watalii. Kuna miezi pesa inaingia vizuri, na kuna miezi, hasa Aprili na Mei, gari linalala na tunaishi kwa cherehani na daftari la mkopo la Mangi, mwenye duka wa mtaani.

Miaka yote tumechukua vitu kwa Mangi wa mtaani na mboga sokoni. Chakula na sabuni vilikuwa vinakula kama 380,000 kwa mwezi. Sasa imefunguliwa supamaketi upande wa mjini na bei zake zimenivuta. Sukari kwa Mangi ni 3,200 kwa kilo, kule 2,950. Sembe kwa Mangi ni 1,800 kwa kilo, kule mfuko wa kilo 5 ni 8,500. Mafuta ya kupikia nilizoea kupimiwa, vipimo viwili vya shilingi 500 kila siku. Kule nachukua dumu la lita 5 kwa 26,000. Kwa mwezi tunatumia sukari kilo 6 na sembe kilo 20. Naenda kila Jumamosi, nauli ya kifodi kwenda na kurudi ni 1,400.

Miezi mitatu sasa matumizi yamefika 470,000, na hapo nauli sijaiweka. Tumekaa na mume wangu tukapiga hesabu mpaka usiku, hatukuelewa. Nawaandikia risiti moja kama ilivyo: sukari kilo 2, 5,900, mafuta lita 5, 26,000, sembe kilo 5, 8,500, viungo 3,000, biskuti 4,800, juisi 6,500, yogati 5,600, tishu na karatasi za chooni 4,000. Jumla 64,300. Risiti nyingine zinafanana na hiyo, ila mafuta hayapo kila wiki. Dumu linaisha siku 20.

Jirani ananiambia niachane na wote, ninunue kwa sado, ile ndoo ya kupimia, soko la Kilombero au Ngaramtoni. Mchele kwa Mangi ni 3,000 kwa kilo, wa pakiti supamaketi 3,600, na sado sokoni ni 8,500. Wengine wanasema akina Mangi wa mtaa wetu wamekula njama, maana wote wanauza sukari 3,200. Na kwa Mangi wangu nina deni la 85,000. Naona aibu kupita mbele ya duka lake nimebeba mifuko ya kwingine.

Naomba mnieleze, nani hasa ana bei nafuu, na nini ninunue wapi?

Mama wa wanne, Sakina


JIBU

Mama wa wanne, umetusaidia sana kuandika bei moja moja na risiti nzima, kwa sababu swali hili halijibiwi kwa maneno matupu. Tumepiga hesabu zako na zimetoka karibu kamili. Bei ulizoziona kule ni za kweli na nafuu uliyoipata ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko unavyodhani.

Tuanze na nafuu yenyewe. Kwenye sukari unapata 250 kwa kilo. Kwa kilo 6 ni 1,500 kwa mwezi. Mfuko wa sembe wa 8,500 ni 1,700 kwa kilo, kwa hiyo unapata 100 kwa kilo, na kwa kilo 20 ni 2,000. Jumla 3,500. Nauli ya Jumamosi nne ni 5,600. Yaani kabla hujashika kikapu, safari imeshameza nafuu yote ya sukari na unga, na bado inakudai 2,100.

Sasa mafuta, na hapa tunaomba ufanye kipimo chako mwenyewe. Chukua chupa ya mtoto yenye alama za mililita, au bomba la sindano, umimine humo kipimo kimoja cha Mangi cha 500. Tuchukulie umepata mililita 80. Lita moja basi ni vipimo 12 na nusu, sawa na 6,250. Dumu lako linakupa lita kwa 5,200. Dumu ni rahisi kwa zaidi ya 1,000 kila lita, hilo halina ubishi. Lakini kwa Mangi ulikuwa unatumia vipimo 60 kwa mwezi, yaani lita 4.8, kwa 30,000. Dumu linaloisha siku 20 maana yake ni lita 7.5 kwa mwezi, nazo ni 39,000. Bei ya lita imeshuka, pesa inayotoka mfukoni imepanda kwa 9,000. Sababu ni kwamba kipimo cha Mangi kilikuwa kinakupangia mafuta ya siku bila wewe kujua. Ukiwa na dumu jikoni, mkono unamimina.

Usirudi kwenye kipimo cha 500 kwa sababu hiyo. Endelea na dumu, ila lifungie chumbani. Jikoni ibaki chupa ya maji ya nusu lita, na ijazwe mara moja kila baada ya siku tatu. Lita 5 ni chupa 10, na chupa 10 ni siku 30. Hapo mafuta ya mwezi yatakugharimu 26,000 badala ya 30,000, na hiyo ndiyo nafuu uliyoifuata. Chupa ikiisha siku ya pili, pikeni mchemsho hadi siku ya tatu ifike.

Ongezeko lililobaki liko sehemu ya chini ya risiti yako. Biskuti, juisi, yogati na karatasi ni 20,900. Kwa Jumamosi nne ni 83,600. Ongeza 9,000 ya mafuta, toa 3,500 uliyookoa, unapata 89,100. Wewe umesema matumizi yamepanda kwa 90,000.

Hatusemi watoto wasile yogati. Tunachotaka ulione ni jinsi bei za duka kubwa zinavyopangwa. Kuna bidhaa chache ambazo kila mama wa Sakina anazijua bei kwa kichwa: sukari, sembe, mafuta, ngano, sabuni ya mche. Hizo ndizo zinazofanya mtu aseme "duka lile ni rahisi". Kwa hiyo duka linaziuza kwa faida nyembamba sana, pengine bila faida kabisa, kama chambo. Faida inatafutwa kwenye vitu ambavyo hakuna anayekumbuka bei yake: biskuti, juisi, viungo vya kopo, dawa ya meno, tishu. Ndiyo maana mara nyingi unga na sukari huwekwa mbali na mlango, ili upite kwenye rafu zote hizo kwanza, na pipi huwekwa karibu na kaunta, usawa wa macho ya mtoto. Ni biashara halali. Ila anayekwenda kufuata chambo inabidi achukue chambo tu. Andika orodha nyumbani, beba pesa ya orodha hiyo na ya nauli, na watoto waache nyumbani siku hiyo.

Mangi hana nafasi ya kuweka chambo. Fikiria ananunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa jumla, tuseme 140,000. Akipima kilo moja moja na robo robo, zaidi ya nusu kilo inaweza kupotea kwenye kumwagika na kuzidisha. Akiuza 3,200 anabaki na kama 18,000 kwa mfuko mzima, na humo mna usafiri, kodi ya fremu, umeme na madeni ambayo hayatalipwa. Supamaketi inachukua mzigo mkubwa kwa wasambazaji na mara nyingi inalipa baada ya wiki kadhaa, wakati mzigo umeshauzwa. Hawa wawili hawawezi kuwa na bei moja, na ukimlazimisha Mangi auze sukari 2,950 atarudisha pesa hiyo kwenye chumvi na kiberiti.

Tena duka kubwa si la kutegemea peke yake. Nakumatt ya Kenya ilifungua duka Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikachukua lile la Shoprite hapa Arusha. Miaka michache baadaye yote yalikuwa yamefungwa. Duka kubwa likiondoka anabaki Mangi, na bei yake wakati huo itategemea amebaki na wenzake wangapi wa kushindana naye.

Kwa hiyo swali lako la nani ana bei nafuu halina jibu la jina moja. Kila muuzaji ana vitu vyake. Chukua daftari dogo, andika bidhaa kumi au kumi na mbili zinazokula pesa yako nyingi, si zaidi ya hapo. Kila bidhaa iwe na safu tatu: Mangi, supamaketi, soko, pamoja na tarehe. Bei zote ziandikwe kwa kilo au kwa lita. Hapa ndipo watu wengi wanapotegwa. Pakiti ya gramu 900 inakaa rafuni pamoja na za kilo moja na inaonekana rahisi. Gawanya bei kwa gramu, zidisha kwa 1,000: pakiti ya gramu 900 ya 2,700 ni 3,000 kwa kilo. Mafuta nayo, dumu moja limeandikwa lita na jingine kilo. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la kilo 18 ni kama lita 19 na nusu, halijafika 20. Sabuni ya unga usidhani pakiti kubwa ndiyo nafuu siku zote. Wakati wa ofa vipakiti vidogo huwa nafuu kwa gramu. Na ofa ya "chukua mbili" angalia kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kuhusu nauli tumia hesabu hii moja: gawanya nauli kwa tofauti ya bei. Nauli 1,400 kwa tofauti ya 250 inatoa 5.6. Maana yake ukiifuata sukari peke yake, chini ya kilo 5 na nusu safari inakula hasara. Kwa matumizi yako, supamaketi ni ya mara moja kwa mwezi: dumu la mafuta, sukari kilo 6, sembe kilo 20 kama hujaanza kusaga mwenyewe (tutakuja huko), na dawa ya meno ukikuta ni nafuu. Beba kikapu chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na mifuko mbadala mara nyingi inauzwa kaunta. Kabla hujatoka linganisha risiti na bei uliyoiona rafuni, kwa sababu kibandiko cha rafuni kinaweza kuwa cha wiki jana na mashine ikasoma bei mpya. Ukigundua hapo hapo unarekebishiwa. Ukigundua nyumbani ni maneno na nauli nyingine.

Jirani yako yuko sahihi nusu. Sado si kipimo rasmi, wala fungu wala kopo. Kipimo rasmi ni kilo na lita. Sado iliyozoeleka ni ndoo ya rangi ya kama lita 4. Lita moja ya mchele ina uzito wa karibu gramu 800, kwa hiyo sado iliyosawazishwa ni kama kilo 3.2. Kwa 8,500 unapata kilo kwa 2,650 hivi, na hiyo ni nafuu kuliko Mangi na kuliko pakiti. Lakini zipo sado ambazo kitako kimepashwa moto kikasukumwa ndani, au ndoo imekatwa mdomo. Ukipoteza nusu lita tu, unabaki na kilo 2.8, na bei ya kilo imekuwa kama 3,036. Umemzidi Mangi, na bado hujalipa nauli. Kabla ya kupimiwa omba kuishika sado, ingiza mkono mpaka chini, pinduapindua. Muuzaji mwenye sado nzima hakasiriki.

Bora zaidi, nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kushika mkononi. Ijaribu nyumbani kwa lita moja ya maji, ambayo lazima isome kilo moja na gramu chache za chupa. Mizani hiyo inamaliza ubishi wa sado, wa mafungu ya nyanya na wa viazi. Nyongeza anayokutupia muuzaji pia ipime, maana fungu la 1,000 lenye nyongeza linaweza kuwa nafuu kuliko fungu kubwa la jirani yake lisilo na nyongeza. Buchani angalia mshale uko sifuri kabla nyama haijawekwa, na kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Ukishuku, weka juu yake pakiti ya chumvi ya kilo moja iliyofungwa. Ikisoma zaidi ya kilo, ondoka, na uwape taarifa Wakala wa Vipimo.

Kwa anayekaa Sakina, Ngaramtoni iko njia yako hiyo hiyo ya Namanga, na gulio lake ni Alhamisi na Jumapili. Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, ila kwako ni kuvuka mji mzima na nauli mara mbili. Asubuhi gulioni unapata kuchagua. Alasiri unapata bei, kwa sababu mwenye nyanya na mchicha hana friji na hataki kurudi na mzigo. Nyanya, mboga na ndizi nunua alasiri. Nafaka nenda asubuhi, haziozi na bei haishuki jioni. Nyanya zenyewe zinapanda wakati wa masika kwa sababu ya bakajani, ugonjwa wa majani ya nyanya, na kiangazi zinaweza kupanda tena mdudu kantangaze akivamia mashamba. Ukiona zimepanda usizunguke masoko matatu kutafuta za bei ya mwezi uliopita, punguza nyanya uongeze karoti.

Mchele wa pakiti wa 3,600 achana nao, unalipia karatasi. Ila sokoni jina la Mbeya au Kyela juu ya gunia si uthibitisho wa kitu. Chota kiganjani, angalia chenga ni kiasi gani na mawe yapo au hayapo. Mchele uliokaa ghalani huongezeka sana sufuriani kuliko mpya, kwa hiyo kwa familia ya sita mchele wa zamani wenye bei ya juu kidogo unaweza kuwa nafuu zaidi kwenye sahani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hukuliuliza na ambalo kwa nyumba yako ndilo lina pesa nyingi. Mume wako anapata kazi zaidi kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba. Mahindi na maharage ya masika huku Kaskazini yanavunwa miezi hiyo hiyo, kwa hiyo ndipo bei zake huwa chini. Aprili na Mei, gari likiwa limelala, ghala la wengi limeisha na bei iko juu. Mnanunua kilo moja moja wakati ghali kwa pesa ya mkopo, na wakati rahisi mna pesa taslimu mnanunua kilo moja moja pia. Geuzeni hapo.

Piga hesabu ya gunia moja la kilo 100 mwezi wa Agosti. Tuseme mahindi ni 800 kwa kilo, ni 80,000. Kukoboa na kusaga 12,000, usafiri 4,000. Jumla 96,000. Sembe utakayopata ni kama kilo 75, kwa hiyo kilo inasimama 1,280. Pumba ni mali yako. Mwambie mwenye mashine mapema kwamba utaondoka nazo, maana ukinyamaza zinabaki kwake. Kilo 20 za pumba ukimuuzia mfuga kuku kwa 350 ni 7,000, na sembe yako inashuka hadi karibu 1,190. Linganisha na 1,700 ya supamaketi: ni zaidi ya 10,000 kwa mwezi, kila mwezi. Bei hizi ni za mfano, weka za siku utakayokwenda. Magunia matatu yanawafikisha karibu na mavuno mengine. Kama pesa ni ya gunia moja tu, lifungwe Agosti, na lisifunguliwe mpaka Machi.

Kinachowavunja watu moyo ni kuhifadhi. Nunua kwa kilo, si kwa debe. Kabla ya kulipa pima ukavu: chupa kavu ya kioo, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji. Yaanike kwanza juu ya turubai au yaache. Mahindi mabichi yakifungwa huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizovunjika zitoe hata kama gunia umelipata kwa bei ya kutupa, na usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa.

Mahindi makavu yaweke kwenye mfuko wa PICS, ule wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Jaza, toa hewa, funga wa kwanza peke yake, kisha wa pili, kisha kiroba. Dumuzi waliomo ndani wanakosa hewa na kufa, dawa haihitajiki. Usifungue kwa mwezi wa kwanza angalau, weka juu ya chaga mbali na ukuta, na ziba njia za panya, kwa sababu tundu moja linaharibu kazi yote. Mfuko huo ukitunzwa unarudiwa msimu mwingine. Saga kilo 20 kwa mara, hasa mkila dona, kwani kiini cha mahindi kina mafuta na dona huanza kuchacha baada ya wiki chache.

Maharage yahifadhi vivyo hivyo. Nunua aina moja, si mchanganyiko: katika mchanganyiko nyingine zinaiva nyingine bado, na mkaa unaoongezeka unameza nafuu. Yaliyozeeka pia hula mkaa. Sabuni ya mche inafaa kununua katoni na jirani mkagawana. Ikatwe na iachwe ikauke wiki mbili, haitayeyuka haraka. Sukari usinunue mfuko wa kilo 50 wa kugawana. Faida ni ndogo, na sukari ikiwa nyingi nyumbani chai inakuwa tamu zaidi.

Kuhusu njama: bei kufanana si ushahidi. Maduka ya mtaa mmoja mara nyingi huchukua sukari kwa wauzaji wa jumla wale wale, kwa bei ile ile, na kila mmoja anaona bango la mwenzake. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na kupanda nchi nzima hata serikali ikatangaza bei elekezi. Hapo hakuna Mangi aliyehitaji kukaa kikao. Lakini wafanyabiashara wakikubaliana bei ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na pa kupeleka malalamiko ni Tume ya Ushindani, FCC. Dalili ya kuangalia ni hii: bei ya jumla imeshuka kwa wiki kadhaa, wote wamebaki palepale, na anayeshusha anatishwa.

Mwisho ni Mangi wako. Tofauti ya 250 juu ya 2,950 ni kama asilimia 8 na nusu, na sehemu yake ni gharama ya daftari: anakukopesha na wengine hawamlipi. Ukilipa taslimu kwa 3,200 unalipia mkopo ambao hukuchukua. Mwambie wazi: "Mangi, nikichukua kilo sita taslimu, utanifanyia ngapi?" Akishuka hadi 3,050, chukua kwake. Tofauti na supamaketi ni 600 tu kwa mwezi. Kwake pia nunua mkate, maziwa, chumvi, kiberiti, kila kitu kidogo ambacho tofauti yake haifikii nauli.

Deni la 85,000 lina pa kutokea. Katika ile 83,600 ya rafuni tenga 20,000 kwa mwezi ya vitamu vya watoto, inabaki 63,600. Mpelekee Mangi 45,000 mwezi huu na 40,000 mwezi ujao, mbele yako akate kwenye daftari, na umweleze kuwa utamhitaji tena Aprili. Kupita na mifuko ya kwingine kusikutie aibu. Na yeye hununua mzigo pale anapopata bei nzuri. Atakachokiangalia ni kama 45,000 imefika tarehe uliyomtajia.